Anza Hesabu na Agosti

Tangi langu la kwanza nililijaza maji mwezi wa Novemba, na Novemba ndiyo iliyonidanganya. Nilikuwa na tangi moja la plastiki la lita elfu moja, lile la mraba lenye fremu ya chuma, perege hamsini wa ukubwa wa kidole, na mifereji minne ya bomba juu ya paa la nyumba ya kupanga hapa Darsait, Maskati. Desemba saladi ziliota kama zinasukumwa. Januari tulikula, tukamgawia jirani wa chini, na mimi nikakaa na kalamu kupiga hesabu za utajiri: shina moja baisa kadhaa, mara mashina elfu, mara wiki hamsini na mbili. Ilipofika katikati ya Mei saladi zile zile zilirefuka shina, zikatoa maua, zikawa chungu kiasi cha kukataliwa na mbuzi. Samaki hawakuwa na habari; walikuwa wakinenepa katika maji ya moto. Nilikuwa nimezidisha kwa wiki hamsini na mbili kitu chenye wiki ishirini na sita.

Ninaandika kwa yule mwenzangu wa Maskati, mwenye asili ya Unguja, Mombasa, Bukoba au Kigoma, ambaye ameona video ya samaki na mboga wakiishi kwa maji yale yale na sasa anataka kuacha kazi au kuvunja akiba. Biashara hii ipo na inawezekana. Lakini ukiipanga kwa hali ya hewa ya Januari, itakufilisi Agosti.

Tuweke kwanza msingi. Akwaponiki ni ufugaji wa samaki katika matangi, maji yao yakapelekwa kwenye mizizi ya mboga badala ya kumwagwa. Samaki hutoa amonia, sumu kwao wenyewe. Bakteria wanaokaa kwenye chujio huigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha bakteria wengine wakaigeuza kuwa naitreti, ambayo ni mbolea. Mboga hunywa mbolea, maji hurudi. Wazo si geni nchi hii. Katika falaji nyingi za Oman wamo visamaki vidogo wanaoogelea katika maji yanayokwenda kunywesha mitende, na falaji tano kati ya hizo ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Tofauti ni kwamba mwenye falaji hakulipa bili ya umeme, maana maji yake yaliteremka yenyewe kutoka mlimani.

Basi tuanze na joto, kwa sababu ndilo litakaloamua mambo mengine yote.

Darsait imekaa katikati ya vilima vya mwamba mweusi, bahari ikiwa karibu. Mwamba hushika joto la mchana na kulitoa usiku, na bahari huleta unyevu. Mambo haya mawili yakikutana, ule upoozaji unaosifiwa katika vitalu nyumba vya nchi kavu hushindwa. Nazungumzia feni kubwa upande mmoja na pedi zinazolowa maji upande wa pili. Mashine hiyo hupoza hewa kwa kuvukiza maji, na maji huvukiza vizuri pale tu hewa ilipo kavu. Nizwa, ikiwa nyuzi 42 na unyevu asilimia 15, pedi nzuri inaweza kukuteremsha kuelekea nyuzi 22 au 25. Maskati siku ya Julai yenye nyuzi 38 na unyevu asilimia 60, pedi hiyo hiyo ikifanya kazi kikamilifu haiwezi kwenda chini ya nyuzi 31 hivi. Muuzaji atakuonyesha picha za kitalu kinachopendeza. Muulize kilipigwa picha wapi na mwezi gani.

Kwa hiyo una njia tatu, na kila moja ni biashara tofauti na nyenzake.

Ya kwanza ni kufunga duka miezi ya joto: unaotesha kuanzia Oktoba hadi Aprili, kisha unapumzisha vitanda na kubaki na samaki tu. Ni njia ya heshima, ila utauza saladi wakati ule ule ambapo kila shamba la Batinah linauza saladi, na bei iko chini. Pia kodi na mfanyakazi havipumziki.

Ya pili ni kupoza mizizi badala ya hewa. Saladi huvumilia hewa ya moto zaidi kama maji kwenye mizizi yana nyuzi 20 hadi 22. Unaweka mashine ya kupoza maji, unafunika vitanda kwa povu zito, unatia kivuli juu. Lakini hapa unagonga ukuta mwingine: perege wanataka nyuzi 27 hadi 30. Ukipoza maji yote, samaki hawali, na samaki asiyekula hatoi mbolea. Dawa yake ni mfumo uliotenganishwa. Samaki wana mzunguko wao, mboga zina wao, na maji ya samaki yaliyochujwa huenda upande wa mboga bila kurudi. Vitabu vingi vya wanaoanza hufundisha mzunguko mmoja. Kwa Maskati mimi ningeanza na miwili hata kama ingenigharimu pampu ya ziada.

Ya tatu ndiyo niipendayo, na sioni watu wengi wakiifuata: uoteshe kinachopenda Agosti. Kwa nini tunang'ang'ania saladi, mmea wa nchi za baridi? Ni kwa sababu video zimetengenezwa huko. Mchicha unapenda joto, na mlenda, mrehani na bamia vivyo hivyo. Ule mchicha wa maji ambao Wafilipino huuita kangkong karibu hauna adabu kwa jinsi unavyokua. Ukikata leo, wiki mbili baadaye unakata tena. Pale Chuo Kikuu cha Visiwa vya Virgin, kisiwani St. Croix, James Rakocy na wenzake walianza utafiti wa akwaponiki miaka ya 1980, na mfumo wao ndio babu wa mifumo mingi ya kibiashara ya leo. Miongoni mwa mimea waliyoijaribu na perege ni mrehani na bamia. St. Croix nayo ni nchi ya joto. Hatuanzi kutoka sifuri.

Sasa vaa viatu utoke nje, maana hesabu ya soko haifanywi ukiwa umekaa.

Kutoka Darsait hadi soko la samaki la Matrah ni mwendo mfupi wa gari. Jengo jipya la soko hilo lilifunguliwa mwaka 2017, na humo utakuta nguru, jodari, changu na chewa waliovuliwa karibu. Mwomani wa pwani, pamoja na sisi tuliolelewa kwa samaki wa kupaka, akiona perege anauliza: huyu ni wa maji baridi? Kisha anapita. Usipambane na nguru, hutashinda.

Lakini tembea jioni Darsait, Ruwi na Wadi Kabir uone wanaoishi humo. Mmisri kwao perege ni bulti, samaki wa nyumbani, na anamtaka mzima na kichwa chake. Mfilipino anamjua, Msudani wa mto Nile anamjua. Mtanzania wa Mwanza, Mganda na Mjaluo wa Kisumu, hawa wamechoka kula perege wa barafu aliyesafiri wiki nyingi ndani ya kontena. Ukiwapa samaki aliyekuwa akiogelea asubuhi ile, hawatakuuliza habari za nguru.

Halafu angalia jambo zuri. Mmisri yule anayetaka bulti ndiye anayetaka mulukhiya, na mulukhiya ni mlenda wetu huu huu. Mfilipino anayetaka perege anatafuta kangkong. Mtu wa Kerala, ambaye Darsait amejaa, hula mchicha na kuuita cheera. Sisi tunataka mchicha wa nazi. Yaani mboga zinazopenda Agosti ndizo zinazoliwa na watu wanaokula samaki wako, na wote wanaishi umbali wa pikipiki kutoka kwako. Saladi ya majani mekundu utaiuza kwa hoteli, na hoteli italipa baada ya siku sitini, au tisini, au itakapopenda.

Kabla ya kununua bomba hata moja, tafuta wateja thelathini wa aina hiyo kwa majina na namba za simu, uwaulize mambo matatu: wananunua mara ngapi kwa wiki, wanalipa kiasi gani sasa, na fungu wanalonunua lina uzito gani. Wapeleke mboga ulizonunua kwa mkulima mwingine, kwa faida ndogo au bila faida, kwa mwezi mzima. Utajifunza zaidi kwa mwezi huo kuliko kwa kozi yoyote ya wikiendi. Kama huwezi kuuza mchicha wa mtu mwingine, hutaweza kuuza wako.

Tuje kwenye tarakimu. Nitatumia bei za mfano; wewe weka ulizozikuta sokoni. Chukua vitanda vya kuelea vya mita za mraba 100. Ukipanda mashina 25 kwa kila mita, una nafasi 2,500. Mboga ikikaa kitandani wiki tano, unavuna 500 kwa wiki. Moja katika kumi inaharibika, unabaki na 450.

Mboga hizo zinalishwa na chakula cha samaki. Mwongozo wa shirika la FAO wa mwaka 2014 kwa mifumo midogo unatumia gramu 40 hadi 50 za chakula kwa siku kwa kila mita ya mraba ya mboga za majani. Tushike 50: mita 100 zinataka kilo 5 kwa siku. Samaki wakila asilimia moja na nusu ya uzito wao, unahitaji kilo 330 hivi za samaki matangini muda wote. Kwa kilo 20 kwa kila mita moja ya ujazo, ni matangi ya lita 17,000 kwa jumla. Kwa mwaka watakula zaidi ya kilo 1,800, na kama kilo 1.6 za chakula zinazaa kilo moja ya samaki, utavuna kilo 1,140, yaani kama 22 kwa wiki.

Sasa tuuze. Fungu moja la mboga baisa 300, mara 450, ni riyali 135 kwa wiki. Samaki kilo 22 kwa riyali 1.5 ni riyali 33. Unaona? Mtu anakuja kwangu akizungumzia samaki, samaki, samaki, na samaki ni theluthi moja tu ya nusu ya pato. Hebu niseme vizuri: ni moja ya tano. Samaki katika biashara hii ni kiwanda cha mbolea ambacho kwa bahati nzuri unaweza pia kukila.

Kwa mwezi hizo ni kama riyali 727. Upande wa matumizi: mfanyakazi mmoja na gharama zake zote 180, kodi 150, mafuta na usambazaji 70, chakula cha samaki 68, mifuko na lebo 48, mbegu na madini ya kuongezea 40. Jumla 556 kabla ya umeme. Ongeza umeme wa 90 wakati wa baridi, umebakiwa na riyali 81. Weka umeme wa 300 wakati wa joto kwa sababu ya mashine ya kupoza, umeingia hasara ya 129. Na hapo sijahesabu uchakavu wa matangi na pampu, wala mshahara wako.

Hesabu hii si ya kukukatisha tamaa; ni ya kukuonyesha nyundo ipigwe wapi. Chezea tarakimu moja moja. Bei ya fungu ikipanda Agosti hadi baisa 450, kwa sababu mashamba ya wazi yamekauka na mboga zinakuja kwa ndege na malori, ile hasara inageuka faida ya zaidi ya riyali 160, hata ukiwa na umeme wa 300. Ukiotesha mlenda na kangkong badala ya saladi, mashine ya kupoza huihitaji, na hasara inafutika hata bei isipopanda. Na ukipanua vitanda hadi mita 300, mfanyakazi yule yule mmoja, akipata msaidizi wa siku za kuvuna, ataviweza. Mita 100 ni shule. Biashara inaanzia mahali ambapo mshahara wa mtu mmoja unagawanywa kwa mafungu zaidi ya elfu kwa wiki.

Ukifikiri ni mimi tu mwenye kutisha watu, kuna utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2015 na David Love na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Waliwauliza watu 257 wanaofanya akwaponiki kibiashara. Asilimia 31 tu walisema wamepata faida katika miezi 12 iliyotangulia. Wenye nafasi nzuri zaidi ya faida ni wale waliouza pia vitu visivyo chakula, kama vifaa na mafunzo. Hilo lina ladha ya kuchekesha kidogo, kwamba wengine wanapata pesa kwa kufundisha biashara isiyowalipa. Lakini lina somo la haki pia: ziara za shule, miche ya mrehani kwenye kopo, mfumo mdogo wa nyumbani, hivyo vyote ni pato. Darsait ina shule na ina familia zenye watoto.

Nimetaja Darsait, kwa hiyo nizungumze juu ya paa, maana wengi wetu ndilo shamba tulilo nalo.

Lita moja ya maji ni kilo moja. Kitanda cha kuelea chenye kina cha sentimita 30 kinaweka kilo 300 juu ya kila mita ya mraba, kabla hujahesabu fremu, mboga na mtu anayezivuna. Tangi lenye kina cha mita moja linaweka kilo elfu. Paa la zege la nyumba ya kawaida ya kuishi mara nyingi limesanifiwa kubeba kilo 150 hadi 200 kwa mita. Sihitaji kuendelea. Juu ya paa weka mifereji myembamba inayopitisha utando wa maji tu, matangi yabaki chini kwenye ardhi, na kabla ya hapo mlete mhandisi wa majengo aone, si fundi bomba. Mwenye nyumba naye apewe habari kwa maandishi. Nilivyofanya mimi na lile tangi langu la kwanza, namshukuru Mungu tu kwamba nililiweka juu ya nguzo kwa bahati, si kwa akili.

Ushauri wangu ni kwamba Darsait iwe duka, kitalu cha miche na mahali pa majaribio, na uzalishaji wenyewe uende kwenye ardhi: Barka au kwingineko Batinah, au bonde lolote ambapo mwenye shamba la mitende atakukodisha kona. Wakulima wengi wa Batinah wana tatizo ambalo kwako ni nusu ya tatizo. Visima vyao vimeingiwa na chumvi kwa sababu ya kuvuta maji kupita kiasi. Perege huvumilia chumvi kiasi, mboga nyingi haziivumilii sana. Pima maji ya kisima kabla ya kusaini, na upime tena mwisho wa kiangazi, siyo Februari baada ya mvua.

Kuhusu maji ya bomba: Maskati tunakunywa bahari iliyosafishwa, na maji yale hutiwa klorini ili yawe salama kwako. Klorini hiyo huua bakteria wa chujio na kuchoma matamvua ya samaki. Jaza pipa la pembeni, lipulizie hewa siku moja au mbili, ndipo uongeze kwenye mfumo. Mfumo wa mita 100 utakuwa na lita 47,000 hivi na utapoteza asilimia moja hadi tatu kwa siku, kwa hiyo pipa la kuongezea liwe la lita elfu na zaidi, si ndoo.

Usiwaweke samaki siku ya kwanza. Bakteria wanahitaji wiki tatu hadi sita kujenga makazi yao, na muda huo utautumia kupima amonia, naitraiti na naitreti kila siku na kuandika. Wengi hapa hukosa subira, wanamwaga vifaranga mia tatu kwenye maji mapya, wiki ya pili wanaokota mizoga. Kisha endelea kupima pH. Lengo ni 6.8 hadi 7. Kwenye nyuzi 30 za joto, pH ikiwa 8 sehemu ya amonia iliyo katika hali ya sumu ni zaidi ya mara tisa ya ile ya pH 7. Maji yale yale, samaki wale wale, kifo kimesababishwa na namba moja kwenye karatasi ya rangi. Kadiri bakteria wanavyofanya kazi pH hushuka, na hapo unaipandisha kwa chokaa na haidroksaidi ya potasiamu kwa zamu, kwa sababu kalsiamu na potasiamu ndizo zinazopungua katika chakula cha samaki. Chuma nacho kinapungua. Majani mapya yakiwa ya njano na mishipa ya kijani, ni chuma kinacholiliwa.

Kuna amri moja inayowatesa wakulima wa zamani wanaoingia kazi hii: hakuna kunyunyiza dawa. Dawa ya wadudu ikidondoka majini inaua samaki, na dawa ya samaki ya kuua bakteria inaua chujio na kubaki kwenye mboga. Inzi weupe watakuja, na viwavi watakuja. Utapambana nao kwa vyandarua vyenye matundu madogo, kwa milango miwili ya kuingilia, kwa mitego ya njano yenye gundi, na kwa kung'oa mche mgonjwa bila huruma. Mfanyakazi wako aliyezoea pampu ya mgongoni aelezwe hilo kwa lugha anayoielewa, mara tatu, na pampu hiyo isiwepo shambani kabisa.

Umeme ukikatika, una dakika, si saa. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo: nyuzi 20 hubeba miligramu 9 hivi kwa lita, nyuzi 30 hubeba 7.5 tu, na perege anapenda isishuke chini ya 5. Matangi yakiwa yamejaa samaki katika usiku wa Agosti, pampu ya hewa ikizima, unaweza kuwa umepoteza miezi sita ya kazi kabla adhana ya alfajiri. Nunua pampu ya hewa ya betri inayowaka yenyewe, na king'ora kinachopiga simu yako. Kama fedha hazitoshi kununua hivyo, punguza idadi ya samaki hadi zitoshe.

Na dhoruba. Waliokuwa Maskati Juni 2007 wanaikumbuka Gonu, jinsi wadi zilivyogeuka bahari na maji ya bomba yakakatika siku kadhaa mitaani. Shaheen ya Oktoba 2021 iliipiga Batinah, ikabomoa mashamba yaliyokuwa yamesimama miaka. Mwenye shamba akikuonyesha kiwanja kizuri, tambarare, cha bei nafuu, muulize mzee wa jirani maji ya wadi yalifika wapi miaka hiyo miwili. Huyo mzee hana cha kuuza.

Karatasi za serikali nitazipitia haraka, kwa sababu ofisi ya huduma ya Sanad iliyo karibu nawe itakuongoza vizuri kuliko mimi. Unahitaji sijili ya biashara, na shughuli yenyewe iandikwe humo. Ufugaji wa viumbe wa majini unasimamiwa na Wizara ya Kilimo, Uvuvi na Rasilimali za Maji chini ya sheria iliyotolewa kwa Amri ya Kisultani namba 20 ya 2019, kwa hiyo samaki hao, hata wachache, uwaulizie wizarani kwanza. Vifaranga vinunuliwe kwa mzalishaji anayetambuliwa, na viwe vya dume pekee, maana majike huanza kuzaa wakiwa wadogo na tangi linajaa vitoto visivyouzika. Usimwachie samaki hata mmoja kwenye wadi. Perege akitoroka huwasonga visamaki vya asili. Baladia, yaani manispaa, iulizwe kama makazi yako yanaruhusu biashara. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 5 tangu Aprili 2021, na usajili wa lazima huanzia mauzo ya riyali 38,500 kwa mwaka. Mdogo asiyesajiliwa hawatozi wateja kodi hiyo, lakini ile asilimia 5 aliyoilipa kwenye pampu na matangi hairudi, basi iingize kwenye mtaji.

Na wewe uliye hapa kwa viza ya mwajiri, usiende kwa rafiki mwenye uraia mkakubaliana kwa mdomo kwamba shamba ni lako na jina ni lake. Serikali inaifuatilia biashara iliyofichwa namna hiyo, na hata isipoifuatilia, mkigombana nani atakusikiliza? Tangu Januari 2020 sheria ya uwekezaji inamruhusu mgeni kumiliki kampuni kwa asilimia mia katika shughuli nyingi. Gharama yake ni kubwa, ndiyo. Kama huiwezi, ingia kama mshirika mwenye mkataba ulioandikwa, au fanya kazi kwa mshahara na sehemu ya faida.

Ukiwa umesoma hadi hapa na bado unataka, usinunue kitu mwaka huu isipokuwa ndoo moja ya lita ishirini, kipimajoto cha maji na daftari. Agosti ikiingia, weka ndoo pale unapotaka vitanda vikae, chini ya kivuli kile kile utakachotumia. Pima saa nane mchana na saa kumi na moja alfajiri, siku zote thelathini na moja, na pembeni andika bei ya fungu la mchicha, la mlenda na la kangkong katika maduka matatu ya mtaani kwako. Namba ya alfajiri ndiyo ya kutazama zaidi. Kwangu mimi, wiki ya pili, maji hayakuwa yamepoa chini ya nyuzi 31 hata mara moja, na kangkong niliyoichomeka ndani ya ndoo ile kwa utani ilikuwa imeshavuka ukingo inashuka sakafuni.